Binti akisema atafungia ndoa Svalbard, mzazi uliza haya

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku huu, kwema?"

"Kwema mama. Nilitaka kukwambia, tumeamua kufunga ndoa mwezi wa tatu. Ila hatutafanyia nyumbani."

"Mtafanyia huko huko Oslo?"

"Mbele ya Oslo, mama. Kunaitwa Svalbard. Tutakuwa wawili tu."

Mzazi yeyote mwenye mtoto ughaibuni anaweza kupigiwa simu ya namna hii. Tuseme mama huyu yuko Morogoro. Binti yake ana miaka 29 na anafanya kazi maabara jijini Oslo, Norway. Mchumba wake yuko Dar es Salaam. Wote wawili ni Walutheri, wote wanajitegemea, na hakuna aliyewakataza kuoana.

Kinachowakimbiza ni harusi yenyewe. Kuna kamati ya harusi, kadi za michango, kitchen party, sendoff, na kundi la WhatsApp ambalo kila asubuhi linakumbusha nani ameahidi na hajatoa. Binti amehudhuria harusi za rafiki zake na kuona maharusi wanaanza maisha na madeni ya ukumbi. Anataka siku moja tu ya utulivu, kwenye theluji, na mtu anayempenda.

Mama anafungua ramani kwenye simu yake. Anaipata Norway, anasogeza juu, anasogeza juu tena, mpaka nchi inaisha na bahari inaanza. Ng'ambo ya bahari ile ndipo visiwa vya Svalbard vilipo.

Mji usio na mti hata mmoja

Svalbard ni visiwa vya Norway vilivyo katikati ya bara la nchi hiyo na Ncha ya Kaskazini ya dunia. Mji wake mkubwa ni Longyearbyen, wenye watu wapatao 2,500, na uko nyuzi 78 kaskazini mwa ikweta. Kutoka Oslo ni safari ya ndege ya takribani saa tatu.

Mji ulianzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya makaa ya mawe na ukachukua jina la Mmarekani aliyefungua mgodi, John Munro Longyear. Siku hizi watu wengi huishi kwa utalii, utafiti na huduma. Wakazi wanatoka zaidi ya mataifa 50. Hakuna mti. Hakuna barabara inayotoka mji mmoja kwenda mwingine. Ukifika mwisho wa lami, unaendelea kwa boti, kwa pikipiki ya theluji au kwa sleji inayovutwa na mbwa.

Zaidi ya nusu ya ardhi imefunikwa na barafu ya kudumu. Hata pale pasipo na barafu, udongo wa chini umeganda mwaka mzima. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi kabisa. Kuanzia karibu Aprili 20 hadi Agosti 23 halizami, na saa sita usiku mtu anaweza kusoma gazeti nje bila taa.

Hata hivyo, mgeni kutoka Afrika Mashariki atakuta jambo moja analolijua. Katika majengo mengi ya Longyearbyen, zikiwamo hoteli na makumbusho, watu huvua viatu mlangoni. Ni desturi iliyobaki tangu enzi za wachimbaji, walipokuwa wakirudi na vumbi la makaa kwenye buti. Aliyekulia kwenye nyumba ya mkeka hahitaji kufundishwa.

Tena si kweli kwamba watu wa kwetu hawajafika huko. Karibu na uwanja wa ndege kuna ghala lililochimbwa ndani ya mlima, ambamo mbegu za mazao kutoka duniani kote huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Lilipofunguliwa Februari 26, 2008, aliyeingiza mbegu za kwanza pamoja na waziri mkuu wa Norway wa wakati huo, Jens Stoltenberg, alikuwa Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Mbegu zikishawekwa humo hubaki mali ya waliozipeleka. Mwenye ghala hutunza tu, hafungui sanduku la mwenzake.

Kutoroka kunakohitaji makaratasi

Mama wa Morogoro anaposikia "wawili tu", neno linalomjia ni kutoroka. Analijua neno hilo. Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, binti alipotoroshwa, wazee wa upande wa mume walitumwa mapema kwenda kutoa taarifa kwao ili watu wasimtafute mtoni. Faini ilifuata, mazungumzo yakafuata, na mara nyingi undugu ukapatikana. Hata kutoroka kulikuwa na utaratibu wake.

Svalbard nako kuna utaratibu, na ndiyo habari ya kwanza ambayo wachumba wengi hawaitarajii. Sheria ya ndoa ya Norway inatumika kule. Ndoa ya kiserikali hufungwa na gavana wa visiwa hivyo, anayeitwa Sysselmester. Ndoa ya kanisani hufungwa katika kanisa la Longyearbyen, la Kanisa la Norway, ambalo ni la Kilutheri kama KKKT. Kanisa la kwanza la hapo liliteketea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia; hili la sasa liliwekwa wakfu mwaka 1958.

Kabla ya ndoa yoyote, wachumba lazima wapate cheti kinachothibitisha kwamba hawana kizuizi. Cheti hicho hutolewa na idara ya kodi ya Norway, kwa sababu ndiyo inayotunza daftari la wakazi, na hudumu miezi minne tu. Ukikipata mapema mno kinakwisha muda. Ukichelewa, tarehe ya harusi inakupita.

Mgeni huongeza pasipoti, uthibitisho kwamba yuko Norway kihalali, na hati kutoka nchini kwake kwamba hana pingamizi la ndoa. Kwa mchumba wa Dar es Salaam, hiyo ni kazi ya kuanza miezi kadhaa kabla.

Kuna mtego mwingine unaowakamata wengi. Svalbard yenyewe haidai visa kwa mtu yeyote. Hali hiyo imejengwa juu ya mkataba uliosainiwa Paris mwaka 1920. Lakini ndege za abiria hupitia Norway, ambayo iko ndani ya eneo la Schengen, na Svalbard iko nje ya eneo hilo. Maana yake, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akitoka Oslo kwenda Longyearbyen amekwishatoka Schengen. Ili arudi, anahitaji visa inayomruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye visa ya kuingia mara moja anaweza kujikuta ameoa vizuri lakini hana njia halali ya kurudi Oslo na mke wake.

Halafu kuna suala la watu. Siku ya ndoa wanatakiwa mashahidi wawili. Na katika maombi ya cheti, kila mchumba lazima awe na mdhamini: mtu mzima anayemfahamu vizuri, anayeandika na kusaini kwamba hajui kizuizi chochote cha ndoa hiyo.

Hapo ndipo simu ya Morogoro inapoweza kupata ukimya.

"Nani amekusainia wewe?" mama anauliza.

"Rafiki yangu wa kazini, mama. Ananifahamu miaka mitatu."

"Mimi nakufahamu miaka ishirini na tisa."

Kwa familia za Kiislamu swali hili huja mapema zaidi, kwa sababu nikaha ina walii na mashahidi wake. Umbali una ufumbuzi, kwa kuwa walii anaweza kumteua wakili wa kumwakilisha, lakini huo ni mpango wa kukaa na sheikh na baba mapema. Hautafutwi siku mbili kabla ya ndege kuruka.

Mwili nao huolewa

Mama anajua jambo ambalo mdhamini wa miaka mitatu huenda halijui. Binti yake ana pumu. Amekuwa mzima miaka mingi, na akiwa Oslo hutumia inhela yake ya kuzuia bila kukosa. Lakini mama anakumbuka usiku wa darasa la tano, alipombeba mgongoni mpaka zahanati.

"Pumu yako je, huko kwenye baridi?"

Ni swali zito kuliko la ukumbi na michango, na mzazi asione haya kuliuliza. Mwezi Machi ni miongoni mwa miezi yenye baridi kali Svalbard. Kushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na upepo huongeza makali. Hewa baridi na kavu hubana njia za hewa za mtu mwenye pumu, hasa akitembea mlimani au akicheka na kuzungumza sana nje, mambo ambayo maharusi hufanya.

Ushauri unaotolewa na wataalamu wa afya si mgumu kufuata. Amwone daktari wake wiki kadhaa kabla ya safari, aseme wazi anakwenda wapi na atafanya nini. Asiache dawa ya kuzuia. Inhela ya dharura ikae kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu ikipoa sana hainyunyizi dawa sawasawa. Ikiwa ndani ya begi la kamera haina msaada. Afunike pua na mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani. Na mchumba ajue kuitumia inhela hiyo, maana siku hiyo yeye ndiye ndugu wa karibu.

Mwenye selimundu ana sababu kubwa zaidi ya kufikiri mara mbili, kwa kuwa baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu makali ya ugonjwa huo. Mwenye kisukari anayetumia insulini akumbuke kwamba insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kuna na hili, ambalo vijana huona aibu kumwambia mzazi: kama bibi harusi ni mjamzito, aseme. Longyearbyen ina hospitali, lakini ni ndogo na kazi yake kubwa ni huduma za kila siku na dharura. Hakuna huduma ya kujifungua iliyopangwa. Wanawake wanaoishi huko husafiri kwenda bara takribani wiki tatu kabla ya siku ya kutarajia. Mgonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi hospitali kubwa ya Tromsø, na hali ya hewa ikiwa mbaya ndege husubiri.

Ndiyo maana bima si karatasi ya kuridhisha ubalozi tu. Anayepanga kusafiri mwenyewe nje ya makazi anatakiwa kuwa na bima au dhamana ya kulipia utafutaji na uokoaji. Bima za kawaida za safari nyingi hazigusi hilo, kwa hiyo maandishi madogo yasomwe kabla ya kulipa. Tena Svalbard haina mfumo wa kumhudumia mtu aliyeishiwa. Asiyeweza kujitunza anaweza kuondolewa visiwani.

Gauni jeupe na bunduki

Picha zinazowavuta vijana huonyesha bibi harusi mabega wazi juu ya barafu, nyuma yake mlima wa buluu. Picha haionyeshi mtu wa tatu, anayesimama pembeni na bunduki.

Svalbard ni makazi ya dubu weupe. Anayetoka nje ya makazi lazima awe na njia ya kumtisha na kumfukuza dubu, na gavana anashauri kubeba silaha. Kwa wageni wengi hii ina maana moja: hutoki bila muongozaji mwenye mafunzo. Tahadhari hiyo si ya kupamba safari. Agosti 2020 mtu aliyelala kwenye hema kambini, karibu na uwanja wa ndege, aliuawa na dubu.

Dubu naye analindwa. Tangu Januari 1, 2025, watu wanatakiwa kukaa angalau mita 300 kutoka alipo, na mita 500 kati ya Machi 1 na Juni 30. Anayeota picha ya harusi na dubu nyuma yake aiache ndoto hiyo.

Kuhusu gauni, baridi haijali sherehe. Vidole vya mikono na miguu, masikio na pua ndivyo huganda kwanza. Ngozi ikipauka, ikawa ngumu na kupoteza hisia, ni wakati wa kuingia ndani. Kutetemeka kusikokoma, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba joto la mwili limeshuka kupita kiasi, na hiyo ni dharura.

Nguo za ndani ziwe za sufu. Pamba hushika jasho na jasho hugeuka baridi. Gauni livaliwe juu ya sufu hizo, na koti zito likae mkononi mwa mtu, si kwenye gari lililoegeshwa mbali. Pombe ya kupasha mwili joto ni udanganyifu, kwani hufungua mishipa ya ngozi na joto hutoka haraka zaidi. Na simu huishiwa chaji upesi kwenye baridi. Anayetaka kumpigia mama baada ya kiapo aiweke kifuani.

Kilichobadilika kwenye mpango

Baada ya maswali ya mama, binti na mchumba wake wanakaa na mpango upya. Safari ya mbali ya pikipiki ya theluji inaondolewa. Ndoa itafungwa kanisani mjini, dakika chache kutoka hospitalini. Picha zitapigwa karibu na makazi, pamoja na muongozaji, dakika kumi nje na muda mrefu ndani. Miadi ya daktari inawekwa. Visa ya mchumba inaombwa ya kuingia mara mbili. Nakala ya bima, namba ya muongozaji na ratiba ya ndege zinatumwa Morogoro.

Mama naye ana sehemu yake. Kumweleza baba ni kazi yake, na anamweleza baada ya chakula, taratibu. Baba ananyamaza siku mbili. Siku ya tatu anauliza kama kijana ana buti za kutosha. Shangazi ndiye mgumu. Anataka angalau kikao cha familia kabla ya safari, wachumba waunganishwe kwa simu ya video, wazee waseme neno na kuwapa baraka. Kikao kinafanyika sebuleni. Watu ni tisa, chai na vitumbua, hakuna kadi ya mchango. Jumapili inayofuata mchungaji wa usharika anaombwa kuwataja kwenye maombi.

Kwa hiyo safari ile ikaacha kuwa kutoroka. Wachumba bado watakuwa wawili mbele ya altare. Lakini wanaojua walipo, wanaojua dawa iko mfuko gani, na wanaosubiri simu yao, ni wengi.

Hilo ndilo la kushika kwa mzazi mwenye simu kama hii. Ukianza na "haiwezekani", utaambiwa baada ya ndoa, kwa picha. Ukianza na maswali, unabaki ndani ya safari. Uliza nani atakuwa shahidi. Uliza visa inaruhusu kuingia mara ngapi. Uliza hospitali iko umbali gani na bima inalipa nini. Uliza kuhusu ugonjwa ule ambao wewe unaujua kuliko mtu mwingine yeyote. Kisha sikiliza majibu. Kijana aliyejipanga atakuwa nayo. Asiyekuwa nayo atakwenda kuyatafuta, na hiyo tayari ni faida.

Ngazi za hospitali ya zamani

Wachumba wamechagua wiki ya kwanza ya Machi kwa sababu ya jua. Katikati ya Februari jua hurudi juu ya upeo, lakini Longyearbyen imezungukwa na milima, kwa hiyo mji hubaki kivulini wiki kadhaa zaidi. Wakazi wana desturi ya kulingoja jua Machi 8, mahali zilipo ngazi za hospitali ya zamani. Watoto hukusanyika na wazazi wao, nyuso zikielekea kusini, wakiliita lije. Mawingu yakiwa mema, mwanga huvuka mgongo wa mlima na kugusa ngazi zile. Kutoka hapo siku huongezeka kwa karibu dakika 20 kila siku.

Kati ya Morogoro na Longyearbyen, mwezi huo, kuna tofauti ya saa mbili. Saa sita mchana kule ni saa nane mchana nyumbani, wakati ambao mama huwa amemaliza kuosha vyombo. Amekwisha mwambia binti yake kwamba siku hiyo simu haitakuwa chaji jikoni. Itakuwa mkononi.

Na anajua atakachouliza kwanza, kabla ya hongera, kabla ya kumwomba ampe mkwe wake amsalimie.

"Skafu umevaa?"